Kabla ya kutafuta sumu, tazama mizizi

(Mazungumzo yetu ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa)

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni maua tunayoyapanda makoponi na kuyaweka sebuleni. Mkazi wa mjini hana shamba. Anakaa vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na bustani yake yote ni kopo la rangi lililooshwa likawekwa dirishani. Mmea huo ukianza kunyauka, anahangaika. Kila mpita njia humpa dawa yake, na humo ndimo hatari ilimo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikawa nyani asiyeona kundule. Nilikuwa na mshubiri nyumbani. Majani yake yakaanza kusinyaa ilhali udongo umelowa. Nikadhani una kiu, nikauongezea maji. Ukazidi kunyong'onyea. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniambia niloweke tumbaku usiku kucha kisha niumwagie. Nikafanya hivyo. Maji yaliyobaki nikayatia katika chupa ya soda, nikaiacha jikoni sakafuni.

Kesho yake alikuja dada yangu na mwanawe wa miaka minne. Maji ya tumbaku yana rangi ya chai ya rangi. Mama yake alipoingia jikoni, mtoto alikuwa amekwisha fungua kifuniko. Hakuwahi kunywa, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Ndugu zangu, nikotini iliyomo katika tumbaku ni sumu kali. Hupenya hata kwenye ngozi ya anayeikoroga kwa mikono mitupu, na kwa mtoto kiasi kidogo tu chatosha kuleta maafa. Tunadanganyika kwamba dawa ikitengenezwa nyumbani basi haina madhara. Dawa ya nyumbani nayo ni dawa, na sumu ya nyumbani nayo ni sumu.

Na mshubiri wangu je? Nilipoukung'uta kutoka koponi ndipo nilipoujua ukweli. Kopo halikuwa na tundu hata moja. Nusu ya mizizi ilikuwa imeoza, na iliyosalia ilikuwa imeshikwa na vitu vyeupe kama unga. Ningaliutazama mapema, nisingaliihitaji ile tumbaku.

Kwa kawaida maadui wa mizizi ndani ya nyumba ni watatu. Wa kwanza ni hao weupe, jamaa ya wale ambao wakulima wa mihogo huwaita vidung'ata. Wanafyonza utomvu wa mizizi. Wa pili ni vinzi vidogo vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo kila unapomwagilia. Funza wao, weupe wenye kichwa cheusi, hula vijizizi vichanga. Wa tatu ni minyoo fundo, ambao hawaonekani kwa macho, ila huacha mizizi ina vinundu kama shanga.

Vinzi hupenda udongo uliolowa na takataka zinazooza. Kwa hiyo acha kumwaga majani ya chai koponi, kwani hicho ni chakula chao. Usimwagilie mpaka utie kidole na kuona udongo umekauka kiasi cha sentimeta 2 au 3. Kata kipande cha kiazi ulaya, kilaze juu ya udongo, kesho yake kiinue: utawakuta funza wamejikusanya chini yake. Kitupe, weka kingine. Chomeka kando karatasi ya manjano iliyopakwa mafuta mazito, vinzi wazima watanasa. Endelea kwa mwezi mzima, maana yai huchukua kama majuma matatu au manne kufikia kuwa kinzi. Wengi hukata tamaa siku ya tatu.

Kwa wale weupe, toa mmea, osha mizizi, kata iliyooza. Mshubiri na jamaa zake waache kivulini siku kadhaa wakauke kabla ya kuwapanda tena. Udongo wa zamani utupwe. Kopo lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, nalo litobolewe matundu chini. Udongo mpya umwagie maji yanayochemka ukiwa mtupu, uache upoe kabisa, ndipo upande.

Ukitaka dawa ya kumwagia, mwarobaini unao mtaani. Chukua mbegu zilizokaushwa kivulini, twanga, loweka gramu 50 kwa lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyohiyo. Haiui papo hapo, bali huwakosesha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kukua. Lakini nayo isiachwe ovyo. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga.

Minyoo fundo haina mjadala: tupa mmea na udongo wake, tena mbali na bustani ya mboga.

Wala tusidhani shida hii ni ya makopo yetu peke yake. Lipo ua la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wadudu weupe wa mizizi wanalisumbua huko pia. Wapenzi wake wakishindwa kuliosha, huchuma jani moja safi, hulichomeka katika udongo mpya, na hutupa mengine yote. Jani huota, na ua linaanza upya bila tone la sumu. Hilo laweza kufanywa na mtu yeyote.

Mafuta ya taa, chumvi, oili chafu na sabuni ya unga visiguse kopo lako. Vitaua mizizi kabla ya mdudu. Na dawa ya shambani, yenye maelezo ya kuvaa barakoa na glavu, haina kazi sebuleni ambako mtoto anatambaa.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, fanya mambo mawili. Inua kopo utazame kama lina tundu. Kisha pita jikoni, na chupa yoyote ya soda yenye kitu kisicho soda, uimwage. Ua likifa, utapanda jingine.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni heri.