Mkanda Uliochakaa Ni Pambo Tu



Si ajabu kumwona abiria wa matatu akiutazama mkanda wa kiti chake, kisha akauacha ulipo. Makanga akisema kuna polisi mbele, mikono yote huikimbilia mikanda, na wengine huishikilia tu mapajani bila kuifunga. Kizuizi kikipitwa, yote huachwa tena. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: mkanda ni mchafu, utaniharibia shati.

Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila kiti cha matatu kilitakiwa kiwe na mkanda. Mikanda ilitiwa, lakini kuitunza kukasahauliwa.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, nawe pia waenda mwendo huo, karibu mita 14 kila sekunde. Gari likigonga ukuta husimama, ila mwili wako huendelea mpaka uzuiwe na kitu: ama mkanda, ama kioo, ama kiti cha mbele. Mkanda wa kupita begani na kiunoni, uliobuniwa na Mswidi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, hukushika penye mifupa imara ya kifua na nyonga. Ule wa kiunoni pekee nao ulale chini nyongani, si juu ya tumbo.

Mikanda mingi hujikunja yenyewe kwenye kigurudumu. Ukiuvuta polepole hukufuata. Gari likisita ghafla, hukaba papo hapo. Uchafu ukiuzidi haujikunji vyema, hulegea, na mkanda uliolegea hukuacha urushwe kwanza ndipo ukushike.

Utunzaji wake si mgumu. Uvute wote nje, uusugue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, uuache ukauke kabisa ndipo uurudishe. Usitie dawa ya kung'arisha nguo, kwani hudhoofisha nyuzi. Uvute kwa ghafla: ule wa kigurudumu usipokaba, fundi auone. Uliochanika usipelekwe kwa mshona viatu, ubadilishwe. Na uliowahi kumzuia mtu katika ajali kubwa, vivyo hivyo.

Enyi wenye matatu, mnaosha magari kila siku mpaka magurudumu yanang'aa. Ndoo hiyo hiyo ifike na ndani. Nasi abiria tudai mkanda safi, lakini tukiukosa tuufunge hivyo hivyo. Shati hufuliwa jioni. Uhai ukitoka haurudi.

Kwaherini.