Dishi la Televisheni Chomboni

Walio na maandishi haya mbele yao wafuate kwa kidole, na atakayekwama kwenye neno amwulize jirani yake.

Leo nitajibu swali ambalo mabaharia wa pwani yetu huniuliza mara kwa mara: "Mwalimu, je, naweza kufunga dishi la televisheni chomboni mwangu?" Jibu ni ndiyo. Lakini kwanza yafaa tujue dishi lafanya kazi gani, usije ukatupa fedha zako baharini.

Tuanze na jaribio dogo. Chukua tochi, simama katikati ya chumba, umulike msumari mmoja darini. Ukisimama imara, mwanga hukaa pale pale. Sasa simama kwa mguu mmoja, na mwenzako akusukume kidogo begani. Umeona? Mkono wako umetikisika kidogo tu, lakini kule darini mwanga umehama mbali na msumari. Dishi ni kama tochi hiyo, ila lenyewe halitoi mwanga. Lapokea mawimbi kutoka mbinguni. Na msumari wake ni setilaiti.

Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Kila moja huzunguka dunia mara moja kwa siku, na dunia nayo hujizungusha kwa muda ule ule. Kwa hiyo sisi tulio chini twaiona kama imesimama mahali pamoja, usiku na mchana. Ndiyo sababu fundi akishaelekeza dishi la nyumbani kwako, hana haja ya kuligusa tena. Lakini shabaha yake ni nyembamba sana. Dishi lenye upana wa sentimita 80 likikosea kwa digrii mbili tu, picha hupotea.

Nyumba haigeuki. Chombo hugeuka. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Nitawasimulia habari ya nahodha mmoja rafiki yangu. Alipigilia dishi juu ya paa la kibanda cha mashua yake ya mashine. Jioni moja alitia nanga, akalielekeza dishi vizuri, na mabaharia wakakaa kutazama mpira. Maji yalipogeuka, mashua nayo ikageuka kwenye nanga yake, na picha ikatoweka. Kijana mmoja akapanda paani kulisogeza dishi, na wenzake wakawa wanampigia kelele kutoka chini, "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Wakaendelea hivyo hadi usiku wa manane, na hata walipolala hawakuzima kitu.

Alfajiri upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu. Nanga haikushika tena, na mashua ikaanza kusukumwa kuelekea mwambani. Nahodha akajaribu kuwasha mashine. Kimya. Umeme wote wa betri ulikuwa umeliwa na televisheni. Kama si mashua nyingine kupita karibu na kuwatupia kamba, leo ningekuwa nawasimulia habari ya msiba.

Basi, tujifunze mambo matatu kutokana na habari hiyo.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali pa dishi. Huko Ulaya wako watu wasafirio na nyumba ndogo zinazovutwa na motokaa. Wengi wao hawatazami televisheni njiani. Hufika, huegesha, kisha husimamisha dishi chini juu ya miguu mitatu. Nawe waweza kufanya vivyo hivyo. Chombo kikiwa kimekaa mchangani, au kimefungwa gatini, simamisha dishi nchi kavu, uvute waya mpaka chomboni. Acha waya uwe na ulegevu wa kutosha, kwa maana maji yakijaa chombo hupanda, na yakipwa hushuka.

Tumia dira kutafuta upande. Ukiwa Dar es Salaam, setilaiti zilizo katika digrii 36 mashariki ziko karibu na utosi wako, zikiinama kidogo tu upande wa kaskazini. Zile za digrii 7 mashariki ziko upande wa machweo, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Hakikisha mlingoti, tanga au mnazi hauzibi njia hiyo.

Je, nikitaka kutazama chombo kikiwa safarini? Hapo dishi la kawaida halifai. Meli kubwa hutumia dishi lililofunikwa ndani ya kuba. Ndani yake mna vipima mwendo vinavyohisi kila mlalo wa meli, na mota zinazolirudisha dishi kwenye shabaha papo hapo. Ni chombo kizuri, lakini bei yake ni kubwa na hula umeme zaidi.

Jambo la pili ni kufunga kwa uthabiti. Dishi likifungwa juu chomboni huwa kama tanga dogo lisilokunjika. Upepo hulisukuma, na uzito ulio juu hukifanya chombo kiyumbe zaidi. Lifunge chini uwezavyo, kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, wala lisizibe taa za chombo. Viungo vya waya vifunikwe visiingie maji ya chumvi. Mkianza safari, lishusheni.

Jambo la tatu ndilo kubwa: umeme. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme televisheni ndogo yatumia wati 24, na king'amuzi wati 12. Jumla ni wati 36. Betri ni ya volti 12. Gawa 36 kwa 12, utapata ampea 3. Kwa saa 6 za kutazama, umetumia ampea-saa 18. Betri ya risasi ya ampea-saa 70 isishushwe chini ya nusu, yaani usitumie zaidi ya 35. Kwa hiyo siku mbili bila kuichaji, umekwisha kuvuka mpaka.

Kwa sababu hiyo, weka betri mbili. Moja ni ya kuwashia mashine, wala isiguswe kwa kazi nyingine yoyote. Ya pili ni ya televisheni, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Mpira ukikatika dakika ya mwisho kwa sababu betri ya pili imekwisha, mtanuna kidogo tu. Mashine ikikataa mbele ya mwamba, hakuna wa kununa.

Sasa kazi ya darasani. Jibuni kwa sentensi kamili:

1. Kwa nini dishi la nyumbani haligeuzwi kila siku?
2. Kwa nini picha ilipotea maji yalipogeuka?
3. Televisheni yatumia wati 36 na king'amuzi wati 12. Betri ni ya volti 12. Je, kwa saa 5 zitatumika ampea-saa ngapi?

Someni tena habari ya nahodha kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana katika somo lijalo.