Objektifu ya bei ya chini, jicho la raia
(Maneno yetu kwa vijana wa Kongolo)



Wengi wenu mnatuambia: "Hatuwezi kupiga foto za maana, vyombo viko bei kali." Leo tunawajibu.

Simameni kando ya Lualaba. Mtumbwi wa motere unapita, watu wamekaa juu ya magunia, jile za kuokolea hakuna. Unatoa simu, unavuta picha. Nini kinatoka? Madoa. Simu zetu nyingi hazisogezi kitu, zinakata kipande cha foto na kukipanua tu. Kesho wakubwa watauliza: "Mtumbwi gani? Watu wangapi?" Jibu hatuna.

Sasa kuna objektifu moja wapiga foto wengi wanaidharau: Canon EF-S 55-250. Wanaicheka juu ni plastiki, hata pale inaposhikana na apareyi. Lakini ile ya mwaka 2013, yenye alama ya STM, haifiki gramu 400. Utatembea nayo siku nzima. Kwenye apareyi ndogo za Canon zinazoipokea, inavuta mbali kama milimita 400. Ndani iko na kioo kinachotuliza mkono unaotetemeka. Magunia na vichwa vinahesabika.

Udhaifu wake ni mwanga. Ukivuta mpaka mwisho, inafunguka 5,6 tu. Basi piga asubuhi, jua likiwa mgongoni. Na kile kioo kinatuliza mkono wako, hakitulizi mtumbwi: weka kasi ya 1/500 ao zaidi.

Tununue okazi, tuchange makuta, moja itumikie kikundi kizima. Kabla ya kulipa, imulike na tochi uangalie ukungu ndani. Soma jina vizuri: 75-300 ya kawaida inafanana nayo, lakini haina kitulizo.

Neno la mwisho, na hili ni zito. Jicho linalofika mbali linaweza kuiba heshima ya mtu. Mama anayeoga mtoni si habari. Msafiri maskini si mkosaji. Tunatafuta mzigo uliopita kiasi, tarehe, saa na mahali, ili anayepaswa kukataza mtumbwi usiondoke akatazе kweli.

Tusingoje chombo cha matajiri. Mtumbwi ukizama, foto ya kesho haiokoi mtu. Ya leo inaweza.

Tuko pamoja!