Soriasisi: Tupake Nini Nyumbani?

Kama uko jikoni, endelea na sufuria yako, sikio moja linanitosha.

Siku moja mama mmoja alikuja kliniki na binti yake wa miaka kama tisa, amemfunika leso kuanzia kichwani, na jua lilikuwa kali ajabu. Nilipoiondoa leso nikaona mabaka mazito kwenye viwiko na magoti, yenye magamba meupe kama majivu, na katikati damu imeganda. Nikauliza, damu imetoka wapi? Mama akatazama chini. Kwa wiki mbili alikuwa akimsugua mtoto asubuhi na jioni kwa jiwe la kusugulia visigino, kisha anampaka ndimu na chumvi. Jirani alimwambia ule ni uchafu wa mtoto asiyeoga vizuri. Mtoto akilia, nyanya yake anamshika mikono. Tena pale nyumbani alikuwa ametengewa sahani na kikombe chake, na analala peke yake, ili asiwaambukize wadogo zake.

Hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakimtibu.

Ugonjwa ule unaitwa soriasisi. Ngozi ya mtu mzima wa afya hujibadilisha polepole, kama mwezi mmoja hivi, ile ya zamani ikitoka bila wewe kuona. Kwenye soriasisi kinga ya mwili hukosea, ikaiharakisha ngozi. Kazi ya mwezi mzima inafanyika kwa siku chache tu, na ngozi mpya inarundikana juu ya ya zamani. Ndiyo hayo magamba. Kwa hivyo si uchafu, si kurogwa, na haiambukizi kwa sahani, kitanda, taulo wala kukumbatiana. Ukoo mmoja unaweza kuwa na wagonjwa wawili watatu kwa sababu inafuata damu ya familia, lakini si kwa kugusana.

Vitabu vingi vinasema mabaka huwa mekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi huwa ya zambarau, ya kijivu au meusi zaidi, ndiyo maana hata sisi wahudumu tunakosea. Nami sitamcheka mtu. Nilipokuwa nimetoka tu chuoni, nilimpa mama mmoja dawa ya choa kwa miezi mitatu, na kila akirudi namwambia hapaki vizuri. Hakuwa na choa. Choa mara nyingi huwa duara, ukingo umeinuka na katikati pamepona. Soriasisi hujaa gamba zito baka zima, na hupenda viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma, kichwani na hata kucha. Ukipaka dawa ya choa wiki nne bila nafuu, rudi uangaliwe upya.

Sasa, tupake nini? Niseme kweli mapema: hakuna jani wala mafuta yanayoponya soriasisi ikaisha kabisa. Anayekuuzia chupa sokoni na kukuapia hivyo, hifadhi pesa zako. Lakini vitu vya nyumbani vinaweza kupunguza mwasho, kulainisha magamba na kuzuia ngozi kupasuka, na kwa mtoto anayejikuna usiku kucha hiyo si nafuu ndogo.

Cha kwanza ni mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya kopo, yasiyo na manukato. Najua ulitarajia nitaje mti fulani. Lakini haya ndiyo ninayoyaamini kuliko yote, na yanapatikana kila duka. Siri iko kwenye wakati wa kupaka. Mwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, dakika zisizidi kumi, kwa sabuni laini wala si ile ya kufulia. Usitumie dodoki wala jiwe. Mkaushe kwa kugusagusa na taulo, na kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika tatu hivi, paka. Mafuta yanafungia yale maji ndani. Ukingoja mpaka ngozi ikauke, umeufunika ukavu. Paka kwa kuelekea chini, jinsi vinyweleo vinavyolala, na urudie mara mbili au tatu kwa siku.

Tahadhari moja ambayo watu hawaambiwi: nguo na shuka zilizolowa mafuta ya aina hii zinashika moto haraka, na kufua hakuyatoi yote. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la makaa, koroboi wala mshumaa.

Kwa kichwa, mafuta ya nazi yanafaa sana. Yapashe moto kidogo kati ya viganja, paka kwenye ngozi ya kichwa jioni, funga kitambaa. Asubuhi magamba yamelainika; chana taratibu kwa kitana chenye meno mapana, kisha osha. Usiyabandue kwa kucha hata yakionekana yanataka kutoka yenyewe. Soriasisi ina tabia moja mbaya: palipokwaruzwa au kuumia, baka jipya huweza kuota papo hapo. Ndiyo maana yule binti alizidi kuharibika kila aliposuguliwa. Na ndiyo maana namwomba msusi asivute nywele za mtoto huyu mpaka macho yatoke. Afadhali mistari miwili mikubwa iliyolegea kuliko ususi wa kupendeza na kichwa kinachotoka damu.

Shubiri, yaani aloe vera, ina sifa nyingi kuliko ushahidi. Imefanyiwa utafiti mdogo mdogo. Mara nyingine ilisaidia, mara nyingine haikushinda krimu isiyo na dawa yoyote. Ukitaka kujaribu, kata jani, lisimamishe ndani ya kikombe mpaka ule utomvu wa njano utoke wote, kwa sababu huo huwasha. Menya, tumia ute mweupe wa ndani peke yake. Pakaa kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono, ungoje siku nzima. Pasipowasha, endelea. Na si kila shubiri ya porini ni ile ya kwenye chungu cha maua, kwa hivyo usichume tu kando ya barabara.

Mwasho ukizidi, chukua oti zile za uji, zisage ziwe unga, zifunge kwenye kitambaa safi na uziloweke ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Kamua mpaka maji yawe kama maziwa. Mtoto akae humo dakika kumi mpaka kumi na tano, kisha mafuta kama tulivyosema. Mshike anapotoka, beseni huteleza.

Jua la asubuhi nalo husaidia mabaka, dakika kumi hivi, mara chache kwa wiki. Lisimchome.

Mwarobaini mtaniuliza tu. Sina ushahidi wa kutosha wa kuwaambia mpake, na maji yake makali huwasha ngozi iliyopasuka. Ila hili nalisema kwa nguvu: mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kamwe, yamewahi kuwatia watoto degedege.

Na vya kuacha kabisa ni ndimu, kitunguu saumu, siki kwenye ngozi iliyopasuka, Jik, mafuta ya taa na maji ya betri. Ndimu na jua pamoja vinaweza kuunguza ngozi mpaka itoke malengelenge. Ogopa pia krimu za kujichubua za sokoni. Nyingine zina steroidi kali. Baka linatoweka siku tatu, unafurahi, ukiacha linarudi kwa hasira na ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi. Steroidi ni dawa nzuri ikiandikwa na mhudumu anayejua nguvu yake, mahali pa kupaka na siku ngapi.

Usikae nyumbani na mafuta ukiona haya: viungo kuuma na kukakamaa asubuhi au vidole kuvimba, kwa maana soriasisi huweza kuharibu viungo; usaha au homa; ngozi ya mwili mzima kuwaka na kuambuka, hiyo nenda siku hiyo hiyo; au mtoto kutokwa na vidoa vingi vidogo wiki chache baada ya kuumwa koo. Mtu mzima ikimlipukia ghafla na kwa ukali, akubali kupimwa HIV, kwani mara nyingine ndiyo inayoichochea. Dawa nyingine za presha pia huichochea, lakini usiziache mwenyewe, mwambie daktari.

Yule binti alirudi baada ya wiki tatu. Mabaka yalikuwepo bado, sitawadanganya, ila yamelala, hayajapasuka, na analala usiku. Nilimwuliza habari ya sahani. Akacheka, akasema sasa anakula na wenzake na wanamnyang'anya nyama.

Mama yake aliniuliza swali ambalo najua na wewe unalo: nipake mpaka lini? Hata ngozi ikitulia, endelea angalau mara moja kwa siku. Na kama kopo moja la mafuta limekaa nyumbani kwako miezi sita, hupaki vya kutosha. Tukutane wiki ijayo, saa hizi hizi.