Kundi Lisife na Simu ya Mtu Mmoja

(Maneno niliyosema kwenye semina ya vijana wa kata. Wengi mliomba niyaweke hapa.)



Nimepewa dakika tano, hivyo naenda moja kwa moja. Tunataka kundi la kampeni mtandaoni. Safi. Swali langu ni moja tu: mwanzilishi asipokuwepo, kundi linabaki na nani?

Chukueni mfano wa MoveOn ya Marekani. Septemba 1998, siasa zote za kule zilikuwa kashfa ya Rais Clinton. Mtu na mkewe kutoka Berkeley, California, Wes Boyd na Joan Blades, wakachoka. Hawakuwa wanasiasa, walikuwa watu wa programu za kompyuta. Wakaandika ombi fupi: Bunge limkaripie Rais, kisha lirudi kwenye shida za nchi. Wakawatumia marafiki kwa barua pepe. Saini zikafika mamia ya maelfu.

Walishinda? Hapana. Desemba ile ile Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kumshtaki Clinton. Lakini walibaki na anwani za watu walio tayari kufanya kitu. Huo ndio ulikuwa mtaji.

Sasa sikilizeni hili. Baada ya Septemba 11, 2001, kijana wa miaka 20, Eli Pariser, alianzisha ombi lake la amani mtandaoni. Wangeweza kumwona mpinzani wao. Wao wakamkaribisha ndani, na mwaka 2004 akawa mkurugenzi mtendaji.

Halafu Juni 2003 waliwauliza wanachama: tumuunge mkono nani kugombea urais kwa tiketi ya Democratic? Walipiga kura watu zaidi ya 317,000. Howard Dean aliongoza kwa karibu asilimia 44, lakini kanuni ilitaka apate zaidi ya 50. Basi, hawakumtangaza mtu. Kanuni ni kanuni, hata kwa anayeongoza.

Makamanda, mimi hapa ni mkosaji. Kundi letu la kwanza la WhatsApp nililianzisha mimi, na admini nilikuwa peke yangu. Wenzangu waliomba niongeze wengine, nikasema "ngojeni kidogo", maana niliogopa kupinduliwa. Nikaibiwa simu stendi. Namba sikuzirudisha, na orodha ya vijana waliojitolea kulinda kura ikapotea wiki mbili kabla ya uchaguzi. Vituo vingine havikuwa na mtu wetu. Siwezi kumlaumu mwizi kwa hilo.

Kwa hiyo naomba leo, kabla ya chai, tuchague maadmini watatu kwa kura, angalau mmoja awe dada. Orodha iandikwe pia kwenye daftari la kata. Na mimi jina langu msilipendekeze. Nitakuwa mwanachama wa kawaida, mnitume.