Baridi ya Mlimani kwa Watu wa Ziwa

[Muziki wa kipindi unashuka polepole. Sauti ya mvua juu ya turubai.]

Mama uliyekaa karibu na redio na mtoto mgongoni, baba unayesikilizia kwa jirani kwa sababu betri zako zimekwisha, nanyi vijana mlio mlangoni, karibuni.

Usiku wa leo tuongee habari ya baridi. Najua kuna watakaocheka. Pale Rumonge, mitumbwi inapofika na ndagala asubuhi, ukimwambia mvuvi kwamba unaongea redioni juu ya baridi atakuuliza kama umelewa. Rumonge ni joto. Usiku watu wanakaa nje ya mlango wakitafuta upepo wa ziwa. Uvira ni hivyo hivyo, Baraka hivyo hivyo. Sisi watu wa Tanganyika tunajua mvua, tunajua radi, tunajua mawimbi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu, Gatumba na Rumonge, hilo nalo tunalijua. Lakini baridi hatukufundishwa na mtu.

Wengi wenu mliingia Burundi kwa mtumbwi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2018, vita vilipowaka Fizi, maelfu walivuka ziwa kwa siku chache tu, na wengine wamevuka kabla na baada ya hapo. Unashuka Rumonge, nguo zimelowa, lakini jua linakukausha. Halafu linakuja lori, mnapandishwa vilimani. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari. Vilima vya upande wa Ngozi na Ruyigi, kwenye kambi kama Musasa na Bwagiriza, sehemu nyingi vinapita mita 1,500. Na kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama digrii 6. Kwa hiyo usifikiri wewe ni mgonjwa au mzembe kwa sababu unatetemeka pale ambapo jirani yako wa milimani ametulia. Mwili wako bado uko Rumonge.

Mimi mwenyewe nilipandishwa hivyo, pamoja na mama yangu na wadogo zangu watatu. Tulikuwa na sufuria mbili, mkeka mmoja na mablanketi mawili tuliyopewa. Usiku wa kwanza mama alitandika mkeka chini, kama alivyozoea kule kwetu, akatufunika yote mawili. Saa tisa za usiku wote watano tulikuwa macho. Mama alivuta blanketi huku, akavuta kule, hakuelewa. Ni mzee mmoja wa kambi, aliyeishi huko miaka mingi, aliyemwambia asubuhi: «Mama, baridi yako haitoki juu. Inatoka chini.»

Nawe jaribu leo. Weka kiganja chako kwenye udongo mahali unapolala. Udongo unakunywa joto la mwili usiku kucha, hauchoki. Blanketi la tatu juu halitakusaidia kama chini kuna mkeka peke yake. Mzee yule alimwonyesha mama kukata nyasi, kuzianika jua kali siku mbili, kisha kuzijaza ndani ya magunia matupu na kushona mdomo. Majani makavu ya migomba yanafaa pia. Chini ya magunia weka kipande cha plastiki ili unyevu usipande, na kama unapata katoni sokoni, zitandike katikati. Kila siku yenye jua toa magunia nje, yapige, yageuze, maana nyasi mbichi zinaota ukungu na ukungu unaleta kikohozi. Nyasi zikianza kunuka, badilisha. Gharama yake ni jasho tu. Na kama una mablanketi mawili na watoto watatu, lalia moja na ujifunike moja. Watoto walale katikati, wakubwa pembeni.

Kuna maji vilevile. Mnaamka asubuhi blanketi limelowa, mnasema turubai linavuja, kumbe pengine halivuji. Ni pumzi zenu. Watu watano wakilala ndani ya plastiki iliyofungwa, mvuke wa pumzi unapanda, unakutana na plastiki baridi, unageuka matone, yanawarudia. Ukitundika kitenge kikuukuu au magunia yaliyofumuliwa chini ya turubai, ukaacha nafasi ya kiganja katikati, matone yanashikwa huko na hewa ya katikati inazuia baridi. Lakini acha tundu la hewa juu, karibu na paa, pande mbili. Najua inaonekana ni ujinga kuacha tundu wakati unataka joto. Nyumba kavu yenye hewa ni joto kuliko nyumba iliyozibwa yenye unyevu. Na kitambaa hicho kisikaribie kibatari wala mshumaa. Nje, chimba mfereji kuzunguka hema kabla mvua haijaja, si wakati inanyesha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Punguzeni kelele hapo.

Mstari wetu kulikuwa na mama mwenye watoto wanne. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa nane mchana. Alipika kwenye mbabula chini ya kibaraza, makala yakabaki mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Alifikiri kama mama yeyote angefikiri: kwa nini joto hili lipotee? Akaingiza mbabula ndani, akafunga mlango wa turubai kwa mawe, wakalala. Usiku mtoto mkubwa aliamka kwenda kukojoa, akaanguka mlangoni, nusu ndani nusu nje. Jirani alisikia kishindo. Walipofungua, wote walikuwa wamelegea kama nguo. Walitolewa nje kwenye mvua. Mama aliamka, watoto watatu wakaamka wakitapika. Yule mdogo hakuamka.

Watu walisema ni uchawi. Walisema hivyo kwa sababu hapakuwa na moshi, hapakuwa na moto, mtoto hakuwa na jeraha. Siku nyingi yule mama alinyooshewa vidole. Ndiyo maana naongea habari hii kila mwaka, ingawa inanichosha.

Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi, haiumizi macho kama moshi wa kuni. Makala mekundu yasiyo na moshi, yale tunayoyaona ni salama, ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Ukiivuta, inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Kichwa kinauma, kinazunguka, moyo unachafuka, miguu inakosa nguvu, usingizi mzito unakuja. Aliyekwisha kulala hasikii dalili yoyote. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria. Ni mbabula. Toeni kila mtu nje upesi, hata kama mvua inanyesha, kisha mpelekeni kituo cha afya na mwambieni mganga kwamba kulikuwa na makala ndani.

Wengine wataniuliza: nikiacha mlango wazi kidogo? Hapana. Makala ambayo hayajazimika kabisa hayalali na watu. Yamwagie mchanga au maji hukohuko nje. Majivu ya moto pia yabaki nje.

Lakini sitakwambia utoe joto nje nikuache mikono mitupu. Unaweza kuingiza joto bila kuingiza moto. Kabla ya kuzima mbabula, chemsha maji. Yatie kwenye bidoni ndogo au chupa ngumu, yakiwa ya moto lakini si ya kuchemka, funga kifuniko kwa nguvu, igeuze uone kama inavuja, kisha izungushie kitambaa kizito. Iweke miguuni mwa watoto saa moja kabla ya kulala. Kwa kichanga, pasha nguo zake kwa chupa hiyo, halafu iondoe, usimlaze nayo.

Makala ni ghali, najua bei mnayoilalamikia. Loweka maharagwe tangu jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, yachemke kwa nguvu dakika ishirini, funika, kisha ingiza sufuria ndani ya kapu lililojazwa nyasi kavu au nguo kuukuu, funika juu kwa mto wa nyasi. Acha mpaka mchana bila kulifungua. Yanaendelea kuiva kwa joto lake. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Mara ya kwanza hutaniamini, utafungua kuchungulia, na joto litatoka. Jizuie.

Mwili unaoshiba unatoa joto wenyewe. Uji wa watoto jioni utie kijiko cha mawese, yale mekundu ya Rumonge ambayo yanauzwa mpaka vilimani, au karanga zilizotwangwa. Mawese mekundu yana nguvu na yanasaidia macho. Ndagala wakavu waliosagwa, mkono mmoja tu, wanatosha sufuria nzima.

Nguo za mtoto: tabaka tatu nyepesi ni bora kuliko koti moja zito. Ukienda kwenye chagua na una pesa ya kitu kimoja, nunua kofia na soksi kabla ya koti. Kichanga alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu ya wote wawili. Hata baba anaweza kumbeba hivyo, na simwonei haya anayefanya. Lakini mtoto mwenye homa asifungwe mablanketi matatu. Mpunguzie, mpe maji au ziwa, mpeleke kituo. Kutetemeka kwake kunaweza kuwa malaria. Na chandarua kibaki chandarua. Mwenye kukigeuza blanketi anawapa mbu chakula.

Juu ya kuuza blanketi: sitawahukumu. Kila mmoja anajua siku alizouza kitu ili watoto wale. Ila kama ni lazima uuze, anza na kitu kingine, na uzungumze kwanza na wenzako wa kikundi cha kuweka na kukopa. Blanketi unaliuza bei ya chini mwezi wa joto, unalinunua bei ya juu wakati wa mvua.

Jambo la mwisho linahitaji mikono yenu. Baridi na moshi vinaamsha ugonjwa wa mapafu, na mapafu ya mtoto yanaharibika haraka. Unaweza kuyasikiliza bila mashine. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake na uhesabu kinapanda mara ngapi kwa dakika moja. Chini ya miezi miwili: 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka kumi na moja: 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano: 40 au zaidi. Na kama nyama chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au ana degedege, au haamki vizuri, usihesabu. Nenda sasa hivi, hata usiku.

Wengi hamna saa. Basi tuhesabu pamoja. Nikipiga kengele, anza. Nikipiga tena, acha. Katikati nitanyamaza.

[Kengele. Ukimya wa dakika moja. Kengele.]

Umepata ngapi? Kama imefika namba niliyoitaja kwa umri wake, mfunike, mfunge kifuani, nenda kituo cha afya, redio utamwachia jirani. Wengine mliochelewa kuanza, nitaipiga tena.

[Kengele. Ukimya wa dakika moja. Kengele. Muziki wa kipindi.]