Jiko Limekaribia Mpaka

Tuseme wewe na jirani yako hapo Amalemba, Kakamega, mmeelewana kusogeza mpaka wa ploti zenu. Savea anavuta utepe, anakuta jiko lako litabaki hatua mbili tu kutoka mpaka mpya, pungufu ya nafasi inayotakiwa. Tafadhali, msing'oe michongoma ya mpakani kwanza.

Chini ya Sheria ya Kenya ya Mipango ya Ardhi ya 2019, kugawa au kuunganisha ploti kunahitaji kibali cha kaunti, na kusogeza mpaka ni kumega kipande cha ploti moja na kukiunganisha na nyingine. Peleka ombi lenye ramani ya mpaka wa zamani, mpaka mpya na kila jengo, hata choo. Upungufu usiufiche, sema ni kiasi gani, kwa nini jiko halihamishiki, na uambatishe barua ya jirani. Wengi huficha, halafu afisa wa kaunti anafika na kujionea mwenyewe.

Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi. Ukiendelea bila kibali, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Na mapatano ya mdomo, hata kati ya ndugu, hayabadilishi ramani ya msajili wa ardhi.